Mng'ao na Doa: Kuuhakiki Wino wa Buluu Iliyokoza

Kidau ni kidogo, cha mililita 30, na ukikiinua dirishani huoni ndani yake ila weusi. Nililetewa na binamu yangu anayesoma Uingereza, pamoja na kalamu ya wino aina ya Jinhao X450, ambayo hutengenezwa China, na daftari moja la karatasi nyembamba kutoka Japani. Jina la wino nitalihifadhi, kwa sababu mengi nitakayoyasema hayakihusu kiwanda kimoja. Yanahusu jamii nzima ya wino wa buluu iliyokoza ambao, ukishakauka, hutoa mng'ao mwekundu.

Msomaji ambaye hajauona anaweza kudhani nimechanganya rangi. Sikuchanganya. Ukiitazama karatasi ikiwa mbele yako sawasawa, maneno ni ya buluu, buluu ya kaniki ambayo haijafuliwa. Ukiiinamisha kidogo kuelekea mwanga, maneno yale yale yanapata wekundu wa shaba, hasa mwishoni mwa herufi na kwenye mikia ya g na y, mahali ambapo nibu ilisita na kuacha wino mwingi. Ukiirudisha, wekundu unatoweka. Shingo ya njiwa ndiyo mfano wa karibu nilioupata. Usiku wa kwanza niliandika jina langu mara kumi na tano, nikakaa nikiligeuzageuza daftari chini ya balbu, mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nimeanza kujifunza kughushi saini.

Tahakiki hii inatokana na majuma sita ya kuutumia wino huo, na hoja yangu ni moja: mng'ao wake na udhaifu wake si vitu viwili. Wanaoupima huandika sifa upande mmoja na kasoro upande wa pili, kisha hujumlisha. Naona hesabu hiyo ni mbovu tangu mwanzo.

Kwanza niondoe utata. Kuna wino mwingine unaometameta ambao ni rahisi kuuchanganya na huu. Mfano maarufu ni Émeraude de Chivor wa kampuni ya J. Herbin ya Ufaransa, ambao umetiwa chembechembe za rangi ya dhahabu. Chembe hizo hutuama chini ya kidau, na usipokitikisa kabla ya kuijaza kalamu, unaandika bila pambo. Hapo pambo ni kitu kilichoongezwa. Unaweza kulichuja na wino ukabaki wino. Wino wangu haukuongezwa kitu. Kinachong'aa ni rangi ile ile inayoandika.

Inawezekanaje rangi moja iwe buluu na nyekundu? Sisi wa huku tulikwisha kuliona jambo hilo zahanati bila kulizingatia. Ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni, ambayo sote tuliiita GV, ikipakwa ni zambarau tupu. Lakini ile iliyogandia kwenye shingo ya chupa ilikuwa ikimetameta kijani chenye dhahabu, kama mgongo wa mbawakawa. Dawa ni ile ile. Ikiwa nyepesi, mwanga hupita ndani yake, kijani na manjano humezwa njiani, na kinachotufikia ni zambarau. Ikilundikana na kukauka, ule mwanga unaomezwa kwa pupa zaidi ndio huo huo unaorushwa nyuma na uso wake, kama bati linavyorusha jua. Wino wa buluu humeza wekundu. Kwa hiyo ukilundikana, hutupa wekundu.

Neno la kushika hapo ni kulundikana. Ili ung'ae, wino sharti ubaki juu ya karatasi. Ukizama kwenye nyuzi zake, hakuna lundo, na pasipo lundo hakuna mng'ao. Nililielewa hilo vizuri nilipoacha kuandika jina langu na kuanza kujaribu karatasi.

Nilijaribu nne. Ya kwanza ilikuwa ya daftari la kawaida, lile la kurasa 96 tunalonunua kila muhula. Wino ulizama papo hapo, ukatambaa hata herufi zikaota vinyweleo, ukatokea na upande wa pili. Mng'ao haukuwepo kabisa. Ilikuwa buluu tu, tena iliyopauka. Ya pili ilikuwa karatasi ya kutolea nakala, ya gramu 80. Hapo maandishi yalitoka safi, yakakauka kabla sijahesabu hadi kumi na tano, na mng'ao ulionekana kwenye nukta tu. Ya tatu ni ya daftari la Kijapani, karatasi iitwayo Tomoe River, ya gramu 52 kwa mita ya mraba. Ni nyembamba kiasi kwamba unaona kivuli cha kidole upande wa pili, lakini imetengenezwa isinywe unyevu kwa haraka, na ndiyo maana wapenzi wa kalamu za wino huitukuza. Ya nne niliichagua mwenyewe: ukurasa wa kalenda ya ukutani, ile karatasi nzito inayoteleza, kwa kuwa ndiyo karatasi laini pekee inayopatikana katika kila nyumba niijuayo.

Kwenye kalenda mng'ao ulikuwa mkali kuliko hata kwenye Tomoe River. Herufi nzima zilikuwa nyekundu. Ilinibidi kuitafuta buluu. Siku ya tatu nilipitisha kidole, na nusu ya jina langu ikahamia kidoleni.

Kwenye Tomoe River udanganyifu ni wa kistaarabu zaidi. Baada ya dakika moja au mbili unaona wino umekauka, na kidole kikavu kinapita salama. Jaribu kidole chenye jasho. Hata majuma matatu baadaye kinaondoka na buluu na kuacha wingu kwenye mstari. Tone la maji ndilo baya zaidi, maana wino huu haukufungamana na chochote. Ulikuwa umelala tu juu ya karatasi ukisubiri kuyeyushwa tena. Ulinganishe na wino wa kale wa Ulaya, ule uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni. Huo ukiandikwa huwa hafifu, kisha hukolea kadiri unavyokutana na hewa, na hushikana na nyuzi za karatasi kiasi kwamba ukitaka kuufuta ni lazima uikwangue karatasi yenyewe. Haung'ai. Hauwezi kung'aa, kwa sababu umeingia.

Sasa turudi kwa wanaouhakiki. Nawastahi, kwa kweli, kwa kuwa wana nidhamu ambayo wengi wetu hatuna tunapohakiki mashairi. Huchora mistari kwa nibu nene na nyembamba, hudondosha maji, hupima muda wa kukauka kwa sekunde, kisha huandika matokeo bila haya. Tatizo lao la kwanza ni karatasi: mng'ao huusifia kwenye Tomoe River, na karatasi ya bei rahisi hutajwa kwa sentensi moja mwishoni. Ni kama kuihakiki sauti ya mwimbaji aliyeimbia bafuni. Tatizo la pili ni picha. Mng'ao huu uhai wake ni kupita. Uko na hauko, kutegemea mkono ulioshika karatasi. Picha huupiga kwenye pembe moja iliyochaguliwa, na kuufanya wa kudumu. Nani husoma barua akiwa ameiinamisha kuelekea taa, jicho moja amelifumba? Nilipokisubiri kidau hicho, nilikuwa nikisubiri ukurasa mwekundu, maana ndio nilioonyeshwa. Nilichopata ni ukurasa wa buluu wenye siri. Sikusikitika, ila niliona kwamba nilikuwa nimependa kazi ya mpiga picha.

Tatizo la tatu ndilo zito, na sisi wanafunzi wa fasihi ndio wa kwanza kupaswa kuliona. Tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fani na maudhui ni kama uji na bakuli, au kama sarafu na pande zake, kutegemea mhadhiri. Tunanakili kwamba havitenganishwi. Kisha katika kila mtihani tunavitenganisha: swali la kwanza fani, swali la pili maudhui, alama kumi kwa kumi. Wahakiki wa wino hufanya hivyo hivyo. Rangi: bora. Mng'ao: bora sana. Kukauka: dhaifu. Kustahimili maji: dhaifu. Halafu huandika kwamba ni wino mzuri sana isipokuwa haukauki upesi, kama vile kesho kiwanda kikijitahidi kitatoa wino ule ule unaokauka. Kikifanya hivyo, kitakuwa kimeuua. Kutokukauka sawasawa si kasoro iliyoukuta uzuri huu njiani. Uzuri wenyewe ndio huo, umetazamwa kwa kidole badala ya jicho.

Mwenzangu mmoja alinipinga vikali darasani nilipoisoma rasimu ya makala haya. Alisema nimechukua tabia ya kemia nikaifanya falsafa, na kwamba mtu anayetaka kuandika kwa furaha haulizi wino umelala wapi. Nusu ya hoja yake naikubali. Kuna mahali ambapo watu wameutazama mng'ao na doa kwa pamoja na kuvipenda vyote viwili, bila kuhitaji falsafa yangu.

Nazungumzia nguo za nili za Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kwenye mashimo ya kutilia rangi ya Kofar Mata, nguo huchovywa katika nili tena na tena. Nyingine, baada ya kukauka, hupigwa kwa magogo mazito pamoja na nili ya unga hadi zinang'aa kama shaba. Watuareg wa jangwani wamezinunua nguo hizo kwa vizazi vingi kwa ajili ya vilemba vyao. Na nili ile, kwa sababu imelundikwa juu ya uzi badala ya kuzamishwa yote, huhamia kwenye uso na mikono ya mvaaji. Ndiyo maana wageni waliwaita watu wa buluu. Mvaaji hailalamikii nguo kwamba inachujuka. Buluu iliyobaki shavuni inatangaza kwamba nguo ni ya kweli na ya gharama. Huyo ni mhakiki aliyekomaa: hakuweka safu mbili.

Lakini kilemba hakina la kukumbuka. Kikipoteza rangi kidogo shavuni, bado ni kilemba. Ukurasa si hivyo, na hapa ndipo ninapoachana na mwenzangu, kwa sababu ambayo sikuitaja darasani.

Muhula huo tulikuwa na kazi ya fasihi simulizi. Mimi nilikwenda Bombo, kaskazini ya Kampala, kwa nyanya yangu. Bombo palikuwa na kambi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililotumia Kiswahili, na Kiswahili cha nyanya ni cha huko kambini, kilichochanganyika na Kinubi. Alinisimulia maisha ya mama yake katika zile nyumba za askari walizoziita laini. Alikataa kurekodiwa. "Sauti yangu isikae kwenye simu ya mtu," alisema, "andika, una mkono." Niliandika kwa biki kwenye karatasi za hapa na pale, alasiri mbili nzima.

Tulikuwa pia tumeonyeshwa picha za miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi kwa hati za Kiarabu. Mingi ya miswada hiyo imehifadhiwa SOAS, London. Nilivutiwa na utulivu wa kurasa zake. Nikaona maneno ya nyanya yanastahili mwandiko wa namna hiyo, na chombo kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo kilikuwa kile kidau. Nilinakili kurasa kumi na moja kwenye daftari la Kijapani. Zilitoka nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwa mkono. Kisha, kwa kiburi cha mtu aliyemaliza kazi, nilizitupa zile karatasi za biki.

Jumamosi nilipanda teksi kwenda kumsomea. Tulijazana, dirisha halifunguki, daftari likiwa mapajani na chupa ya maji baridi imelala juu yake. Chupa ikatoka jasho. Nilipofika nikalifungua, nikakuta kurasa tatu zimekuwa mawingu.

"Umeniletea maneno yangu?" nyanya akauliza.

"Nimeyaleta, nyanya. Lakini mengine yameharibika."

"Mvua?"

"Chupa ya maji, nyanya."

Alicheka sana. Akalichukua daftari, na kwa kuwa haoni vizuri akalielekeza mlangoni kwenye jua, akaligeuza huku na huku. "Mbona jekundu?" akasema. "Umeandika kwa damu?" Nikamweleza. Akaendelea kuligeuza kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyofanya usiku ule wa kwanza, na nakiri kwamba hata katika aibu yangu nilifurahi kuona ameupenda.

Kwenye mojawapo ya kurasa zile tatu palikuwa na majina ya wanawake waliopika pamoja na mama yake kule laini. Yalikuwa saba; hesabu naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeyapanga kwenye ukurasa kama beti, moja kila mstari. Nilifaulu kusoma manne. Nyanya alipoyataja upya alitaja sita, na mojawapo sina hakika kama lilikuwemo mara ya kwanza. Nilimwuliza la saba. Alikaa kimya, akasema labda yalikuwa sita tangu mwanzo. Sikutaka kubishana naye. Lakini hayakuwa sita.

Kosa ni langu, wala siutupii wino. Ningezitunza karatasi za biki, ningekuwa ninaandika tahakiki ya uchangamfu zaidi. Hata hivyo naona sasa kwamba wino huu una swali ambalo lazima aulizwe kila anayeutumia, na swali hilo haliko kwenye jedwali la sifa na kasoro: unaandika ili utazame, au unaandika ili ubaki? Kwa kadi ya harusi, kwa jina la mtu kwenye bahasha, kwa shairi ambalo unalijua kwa moyo, sijaona wino unaoushinda. Kwa mtihani ni wa hatari, na kwa karatasi zetu za mtihani hauna hata faida, maana unazama na kuwa buluu ya kawaida. Kwa orodha ya majina ambayo ni mtu mmoja tu anayeyakumbuka, haufai.

Maelezo ya pili ya nyanya niliyaandika kwa biki, kwenye daftari la kurasa 96, na nikayapiga picha papo hapo. Alikubali mwandiko upigwe picha, si sauti. Mhadhiri wetu alipozipokea kurasa zote pamoja, alipitia zile za biki kwa haraka, kisha akakaa kwenye zile zilizoharibika. Aliuinua ukurasa wa majina, akauelekeza dirishani. Pale palipomwagikiwa, maji yalikuwa yameusukuma wino wote hadi pembezoni mwa doa na kuulundika hapo, na ukingo mzima ulikuwa unang'aa wekundu, mkali kuliko herufi yoyote niliyoiandika.